Aliniambia Nisafishe Picha, Nikasafisha Mbingu

Nimekasirika tangu Jumapili, na sina mpango wa kupoa kabla sijawaambia.

Tulikuwa tumetoka ibadani, hapa Miyuji ninakoishi tangu nistaafu. Binti mmoja wa kwaya, mtoto mwenye adabu zake, akanipa shikamoo ya kuinama kisha akaninyooshea simu. "Bibi, si wewe ulikuwa mtu wa picha? Hebu ona bango la kwaya yetu." Nikavaa miwani, nikaona. Kwaya nzima imesimama mbele ya kanisa, mwezi wa nane huu, vumbi limewapanda hadi magotini, mti wa nyuma yao umepukutika umebaki fito. Na juu yao, jamani, mawingu mazito ya masika, meusi, yamebeba maji ya kuzamisha Dodoma nzima!

"Mawingu haya mmeyatoa wapi?" nikamwuliza.

"Aa, tumeisafisha tu, bibi. Unagusa hapa mara moja, mbingu inabadilika yenyewe."

Tumeisafisha tu! Nilimrudishia simu yake, nikaenda zangu bila kuaga. Yeye akadhani bibi kazeeka vibaya. Haya, kuzeeka nimezeeka. Lakini hasira yangu haikuwa ya mawingu peke yake, ilikuwa ya neno hilo moja, kusafisha. Neno hilo liliwahi kunifanya nimfanye mama wa watu mwongo mbele ya serikali, na kijiji kizima kikakaa na njaa kikisubiri. Basi kaeni hapo ninyi wote mnaogusa mara moja. Mimi niligusa mara nyingi sana kabla yenu, najua ninachosema.

Naitwa Dorka. Nimefanya kazi ya picha miaka mingi katika studio moja mjini, jirani na soko. Nilianzia chumba cha giza, nikamalizia kwenye kompyuta. Wakati naanza, mtu akileta filamu akasema "nisafishie", alikuwa na maana moja tu: itie filamu kwenye dawa, ioshe, ikaushe, chapa picha, nipe. Kwisha. Hakuwa na maana umpunguze tumbo au umwondoe shemeji yake asiyempenda. Kusafisha lilikuwa neno safi kabisa, na mnisamehe kwa kulirudia.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee mmoja mtu wa Kondoa, Mzee Balthazar. Mwembamba, mkali, vidole vimekuwa vya kahawia kwa dawa. Alikuwa hapigi kelele. Ukikosea anakutazama tu, halafu anaichana karatasi uliyoiharibu vipande vinne, polepole, mbele yako, na enzi hizo karatasi ya picha ilipatikana kwa kuvizia. Siku nyingine tulikuwa na dawa hatuna karatasi, siku nyingine karatasi ipo dawa hamna. Mtu akipiga picha ya pasi aliombwa arudi baada ya wiki mbili, na alirudi, na alisema asante.

Huyo mzee ndiye aliyenifundisha kuziba. Mnafikiri kuziba mbingu kumeletwa na simu zenu? Thubutu! Sisi tuliziba kwa brashi yenye nywele tatu na rangi nyekundu, juu ya filamu yenyewe. Mahali ulipopaka, mwanga haupiti. Unataka mbingu iwe nyeupe tupu, isiwe na waya za umeme? Paka. Unataka utie mbingu ya picha nyingine? Unaziba watu, unachapa mbingu, halafu unaziba mbingu, unachapa watu, kwenye karatasi ileile, gizani, bila kusogea hata unywele. Mkono ukitetemeka, bwana harusi anapata mstari mweupe kichwani. Tuliifanya kazi hiyo mara moja moja sana, kwa sababu ilikuwa ngumu, na ugumu wake ulitupa nafasi ya kujiuliza kama ina lazima.

Mzee Balthazar alikuwa na agizo moja ambalo kila mwanafunzi wake alilijua kuliko Baba Yetu: "Kabla hujagusa juu, tazama chini." Maana yake kivuli. Mwanga unatoka mbinguni lakini habari zake zimeandikwa ardhini. Kivuli kifupi, ni mchana. Kivuli kirefu, ni jioni au asubuhi. Kivuli chenye ukingo mkali kama kimekatwa kwa mkasi, basi jua lilikuwa wazi, hakuna wingu. Kivuli kimefifia au hakipo, kuna wingu limetanda. Ukitia mbingu isiyokubaliana na kivuli, picha yako ni upuuzi hata ingependeza namna gani.

Mimi nilisikia, nikaitikia ndiyo mzee, nikasahau. Sikio la kufa.

Kisha mambo yakafunguliwa. Soko huria, ndiyo tulivyoliita. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti yakajaa kila kitu, na ghafla mtaa uliokuwa na studio moja ukawa na studio nne. Bosi wetu, Bwana Festo, akaona tutakufa. Akasafiri Dar es Salaam, akarudi na kompyuta, na skana ya kuingiza filamu ndani ya kompyuta, na sahani moja ya sidii aliyoishika kwa mikono miwili kama padri na ekaristi. Juu yake kulikuwa na picha za mawingu mia moja. Mawingu mia, na hakuna hata moja la Tanzania!

Mzee Balthazar aliitazama kompyuta siku mbili, siku ya tatu akachukua brashi zake akarudi Kondoa. Alisema macho yanamuuma. Macho yake yalikuwa mazima kuliko yangu.

Bwana Festo akanikabidhi mashine mimi. Na mimi, acha nikiri, nililewa nayo. Mnajua picha za huku kwetu zilivyokuwa zinatoka. Jua la Dodoma halina mswalie Mtume, na mtu mweusi amesimama juani. Ukipima mwanga uso uonekane, mbingu inaungua, inatoka nyeupe kama karatasi. Ukipima mbingu, uso unakuwa kitako cha sufuria. Kwa hiyo miaka yote wateja wetu walikuwa na sura nzuri chini ya mbingu nyeupe, na hakuna aliyelalamika. Bosi ndiye aliyeamua kulalamika kwa niaba yao. "Mbingu nyeupe ni aibu ya studio," akatangaza. "Kuanzia leo picha isitoke humu bila mbingu."

Nikaijua kazi hiyo, na nawapa ujuzi wake bure ingawa hamstahili. Picha ya kompyuta imegawanyika katika rangi tatu. Itazame ile ya bluu peke yake: hapo mbingu inang'aa na miti inakuwa myeusi, vinaachana vizuri. Unaikoleza mpaka mbingu iwe nyeupe kabisa na vilivyobaki viwe vyeusi kabisa, na hiyo ndiyo inakuwa kizibo chako. Unasogeza kipanya pale penye makosa, unalainisha ukingo kidogo, si sana, la sivyo mtu anakuwa na utando mweupe kama ametoka kwenye unga. Matundu katikati ya majani ya mti usiyasahau, humo ndimo wavivu wanapokamatwa. Na mbingu haina rangi moja: juu imekoza, chini karibu na ardhi imepauka kwa vumbi. Ukiipaka sawasawa kote umepaka ukuta.

Mbingu namba thelathini na saba ndiyo iliyopendwa. Bluu, na mawingu manene ya duara kama pamba. Jamani, maharusi wa Dodoma wa miaka ile wameolewa wote chini ya mbingu moja! Nendeni mkatazame albamu za mama zenu. Mkatoliki, Mwanglikana, Mwislamu, mtumishi wa Bunge, muuza zabibu, wote namba thelathini na saba. Harusi moja nilibadilisha, nikaweka jua linalozama nyuma ya maharusi, jekundu, zuri ajabu. Shemeji wa bwana harusi, dereva, akaja nayo mkononi. "Dada Dorka, hebu nisaidie. Jua liko nyuma yao, mbona na vivuli vimekwenda nyuma, vinalikimbilia? Hawa wana majini?" Studio nzima ikacheka. Mimi pia nikacheka, nikairekebisha, yakaisha. Ingefaa nisicheke. Lilikuwa onyo, na mimi nililichukulia kama utani.

Sasa ndipo ikaja ile filamu ya Kongwa.

Ililetwa na kondakta wa basi, imefungwa kwenye karatasi ya daftari. Imetoka kwa Mwalimu Yoeli, mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha huko. Nilimfahamu kidogo, alikuwa akituletea filamu za mahafali. Kwenye ile karatasi aliandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: "Naomba zisafishwe vizuri sana. Ni za ofisini."

Zisafishwe vizuri sana! Mwalimu alikuwa mtu wa zamani kama mimi. Alikuwa anaomba dawa iwe mpya, karatasi iwe nzuri, picha zisije na madoa. Lakini kwetu studio, tangu kompyuta iingie, neno lilikuwa limeshahama. Kusafisha sasa ilikuwa kupendezesha, na kusafisha vizuri sana ni kupendezesha sana. Hakuna aliyetangaza kwamba maana imebadilika. Wateja wa shamba wakaendelea na maana yao na sisi tukaendelea na yetu, tukilitumia neno moja kaunta moja.

Zilikuwa picha nne. Mashamba ya mtama, mabua yamekauka wima. Lambo lisilo na maji, matope yamepasuka. Watoto wachache mbele ya darasa. Na mama mmoja mzee amesimama katikati ya shamba lake, jembe begani, anatazama kamera uso kwa uso. Mbingu zote nne nyeupe pe.

Nikajisemea hizi ni za kalenda ya ofisi fulani, za kuonyesha kilimo. Si za ofisini? Nikafanya kazi, wacha nifanye kazi! Namba thelathini na saba niliiona ya harusi mno, nikachagua mawingu mazito ya mvua, yanainuka nyuma ya kilima. Nikaziba kila bua moja moja. Ule mtama ulikuwa na majani membamba yaliyojisokota, nimeyazunguka na kipanya mpaka kidole kikafa ganzi. Kisha nikaona mabua yamepauka, nikaongeza kijani, kidogo tu. Nilipomaliza nikamwita Bwana Festo, akapiga makofi. Kivuli sikukitazama. Kilikuwepo miguuni pa yule mama, kifupi, cheusi, kimekatwa kwa mkasi, na mimi macho yalikuwa juu.

Picha zikarudi Kongwa kwa basi. Mwalimu alikuwa ametoa maagizo bahasha iende moja kwa moja ofisi ya wilaya, ili barua isichelewe kuungana na picha. Kwa hiyo hakuziona. Hilo ndilo nililokuja kulijua baadaye, na kila nikilikumbuka nashika kichwa.

Wiki kadhaa zikapita. Asubuhi moja akaingia Mwalimu Yoeli mwenyewe, suti yake ya kaki imejaa vumbi la safari, na nyuma yake yule mama wa kwenye picha. Nikamjua papo hapo. Uso ule nilikuwa nimeuzunguka na kipanya nusu siku.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Huyu ni mama yangu mzazi," Mwalimu akasema. "Anaitwa Bibi Raheli." Akapanga zile picha nne juu ya kaunta. "Dada Dorka, hizi ni picha zangu?"

Nikatabasamu, mjinga mimi, nikingoja sifa. "Ni zenyewe, Mwalimu. Umeona zilivyotoka?"

Bibi Raheli akaichukua ya kwake, akaisogeza karibu na macho. Kiswahili chake kilikuwa cha shambani, chenye Kigogo ndani yake, na alikuwa akikitoa taratibu, neno moja baada ya jingine.

"Huyu ni mimi," akasema. "Jembe ni langu. Shamba ni langu. Lakini mvua hii. Mvua hii ilinyesha lini, na mimi nilikuwa wapi?"

Nikacheka. Nilidhani bibi ananitania. Hakuna mwingine aliyecheka.

"Halafu mvua ya kwetu hutoka mashariki," akaendelea, kidole chake juu ya mawingu yangu. "Hii inatoka huku, kwenye kilima. Huku ni magharibi. Huku kwetu hakujatoka mvua tangu nizaliwe. Unatoka upepo tu."

Ndipo Mwalimu akanieleza. Mvua zilikata mapema, mtama ukafia njiani. Kijiji kikaandika barua kuomba chakula cha msaada, na kwa kuwa miaka ya nyuma waliambiwa hawana ushahidi, safari hii wakaamua wapeleke picha. Shule ilikuwa na kamera moja ya zawadi. Akapiga, akaandika, akatuma. Wakasubiri. Watoto wakaanza kupungua darasani, wengine wanasinzia, wengine wamehamishwa na wazazi kutafuta vibarua. Jibu likaja kwa mdomo kwanza, kisha kwa karatasi, na picha zimerudishwa: picha zenyewe zinaonyesha mvua ipo mlangoni na mazao yana ukijani, kwa hiyo wasubiri mavuno. Na yule ofisa aliyemjibu Mwalimu akaongeza la kwake, kwamba watu wa huko wamezoea kuomba hata wakiwa na mvua kichwani.

Wamezoea kuomba! Mimi ni Mgogo. Nimekulia Chang'ombe ya hapahapa Dodoma mjini lakini bibi yangu alinilea kwa uwele na mlenda, na mkono wake haukuwahi kumnyooshea mtu. Maneno hayo yaliniunguza, halafu nikakumbuka nani aliyempa yule ofisa kuni za kuwashia. Mimi. Mkono huu.

Bibi Raheli aliirudisha picha kaunta, akaigeuza uso chini.

"Nimezeeka, sijawahi kuitwa mwongo," akasema. "Umenifanya mwongo, mwanangu. Kwa karatasi nzuri."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza, ningepata pa kujitetea.

Nikaingia ndani kutafuta filamu. Ashukuriwe Mzee Balthazar, alituachia tabia ya kutotupa filamu ya mtu. Ilikuwepo, imeandikwa jina. Nikachapa upya zote nne, kwa dawa, bila kompyuta. Mbingu nyeupe, mabua meupe, kivuli cheusi. Nikafunga bahasha, nikachukua mkoba.

Bwana Festo akasimama mlangoni. "Unakwenda wapi?"

"Ofisini. Kuwaambia yale mawingu ni yetu."

"Una wazimu wewe? Ukasema studio yetu inaghushi picha, za serikali? Kesho nani ataleta hata ya pasi? Waambie wamepiga vibaya. Waambie kamera yao mbovu."

"Kamera yao ndiyo kitu pekee kilichosema kweli hapa."

"Dorka, ukitoka na hiyo filamu, usirudi."

Sikuwa jasiri, msije mkadhani. Nilikuwa na watoto wawili wa kulea peke yangu. Lakini Bibi Raheli alikuwa ameketi kwenye benchi letu la wateja, mbele ya lile pazia la kupigia picha, ananitazama kama alivyoitazama kamera. Nikatoka.

Kesho yake tulikuwa Kongwa, ofisi ya wilaya. Ofisa alikuwa kijana wa tai, mstaarabu wa sura. Nikamweleza shida yetu tangu mwanzo. Akazitazama picha mpya, akazitazama za zamani, akacheka puani. "Mama, sasa mimi nitajuaje zipi za kweli? Leo mmeleta zenye mvua, kesho mnaleta zisizo na mvua. Picha ni picha. Na hii nyeupe inaweza kuwa wingu limetanda vilevile."

Unajua, hapo alikuwa na haki. Mbingu nyeupe haisemi kitu. Na hapo ndipo, baada ya miaka yote, nilipomsikia Mzee Balthazar sikioni.

"Mwanangu," nikamwambia, "inuka tutoke nje."

"Nje?"

"Inuka. Ni hatua kumi tu."

Sijui kwa nini alikubali. Pengine ni sauti, nilikuwa nimeshaanza kuipandisha. Tukasimama uani pa ofisi, jua la saa sita utosini, makarani wamejaa madirishani, Mwalimu na mama yake pembeni.

"Tazama juu. Kuna wingu?"

"Hakuna."

"Tazama miguuni kwako. Kivuli chako kina ukingo?"

"Kina."

"Mkali au umefifia?"

"Mkali."

"Siku ya wingu unakiona hivyo?"

Akatikisa kichwa. Nikamwekea picha zote mbili za Bibi Raheli mkononi, ya mawingu na isiyo na mawingu. "Haya, tazama miguuni kwa huyu mama. Kivuli ni kilekile katika zote mbili, kwa sababu chini sikugusa. Mama aliyesimama kwenye jua la namna hiyo atakuwaje na mvua kichwani? Mawingu niliyaweka mimi. Kwa mkono wangu. Wao hawakuniomba."

Yule kijana akatazama picha. Akatazama miguu yake. Akatazama picha tena. Shingo ilimbadilika rangi, kwa sababu makarani walikuwa wanasikia, na yeye ndiye aliyeandika kwenye faili.

"Waliwaambia nini hasa pale studio?" akaniuliza taratibu.

"Waliniambia nisafishe."

"Sasa si ulisafisha?"

"Ndiyo shida yenyewe, baba."

Nikaandika maelezo palepale, nikatia sahihi. Nilipotaka kuandika "nilizisafisha", Bibi Raheli, ambaye sikudhani anafuatilia, akanishika mkono. "Usiandike hilo neno. Andika: mawingu hayakuwepo." Nikaandika hivyo.

Walikwenda watu kutazama kijiji kwa macho yao. Chakula kikafika. Nasema kikafika, lakini msipige makofi, kilichelewa, na kuchelewa kule ni kwangu. Familia zilizokuwa zimehama si zote zilirudi. Mwalimu aliniambia kuna madawati yalibaki matupu mpaka mwaka ulipoisha, na alinitajia watoto kwa majina. Hakunilaumu, alitaja tu. Majina hayo ninayo mpaka leo na siyaandiki hapa, si yenu.

Bwana Festo alikaa na hasira yake wiki mbili, kisha akanitumia salamu nirudi, kwa maana maharusi watatu walikuwa wanasubiri mbingu zao na mashine ilikuwa imegoma kwa kila aliyeigusa. Nikarudi kwa sharti moja. Kila mteja aulizwe kaunta: unataka kusafishiwa kwa dawa, au unataka kupendezeshwa? Na jibu liandikwe kwenye bahasha. Wenzangu waliniita Mama Bahasha. Waliniita tu.

Mwaka uliofuata mvua zikanyesha. Na si kunyesha tu, zilimwagika, Kongwa ikawa kijani hadi njiani. Kondakta yuleyule akaleta filamu, imefungwa kwenye karatasi ya daftari vilevile. Mwalimu ameandika: "Mama anasema: safisha, lakini usisafishe."

Nilicheka mpaka machozi, halafu yakabaki machozi. Nikaitia filamu kwenye dawa mwenyewe. Bibi Raheli yuko palepale shambani, jembe begani, mtama umempita kichwa. Na Mwalimu safari hii alibahatika, au alijua, sijui. Alikuwa amesubiri wingu limfunike mama yake ndipo apige, kwa hiyo mbingu haikuungua. Mawingu yote yapo, meusi, mazito, yamepangana hadi ukingoni, mazuri kuliko yale mia ya sidii kwa pamoja. Nikatazama chini. Miguuni kwake hakuna kivuli.

Nikaichapa kubwa. Moja nikamtumia mwenyewe, moja nikaiweka dirishani pa studio, katikati, kwa fahari ya moyo wangu.

Basi watu wakaanza kupita. Wa kwanza akasimama, akaita mwenzake: "Njoo uone kazi ya kompyuta!" Wa pili akaingia kabisa: "Dada, na mimi nataka mbingu kama ya yule bibi, ni namba ngapi?" Nikamwambia haina namba, ni ya kweli. Akanikonyeza. "Haya, ficha tu siri ya biashara." Nilipandwa na hasira, nikamfukuza mteja wa watu, Bwana Festo anashika kichwa. Nikaandika kikaratasi nikabandika chini yake: Mawingu haya ni ya kweli. Mambo yakawa mabaya zaidi! Walisimama wakakisoma kwa sauti, wakacheka pamoja. Yule mama alipokuwa hana mvua nilimpa ya uongo, wakaamini. Mungu alipompa ya kweli, hakuna aliyeamini, na hiyo nayo ni kazi ya mkono wangu, na wa kila mwenye mkono kama wangu. Sijui wa kumkasirikia zaidi.

Bibi Raheli ameshatangulia mbele ya haki, na Mwalimu pia. Picha ile niliitoa dirishani siku niliyostaafu, iko sebuleni kwangu, mkabala na mlango. Yule binti wa kwaya alikuja jana jioni kuniomba radhi, mtoto wa watu, bila kujua hasa kosa lake. Nikamkaribisha, nikamwekea chai. Akainua macho ukutani, akasimama akaisogelea.

"Jamani, bibi! Haya mawingu mazuri hivi uliyatoa wapi?"

"Mashariki," nikamwambia. "Yalitoka mashariki. Sasa kaa unywe chai."